Mti kuua seli maabara si sawa na kutibu saratani

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie namna magazeti yetu, likiwemo hili lako ninalolisoma kila siku, yanavyoripoti utafiti wa miti-dawa dhidi ya saratani. Kila baada ya muda hutokea habari yenye kichwa kikubwa kwamba wataalamu wa chuo fulani wamegundua mti unaomaliza saratani. Ukiisoma habari hiyo hadi mwisho, na wasomaji wengi hawafiki huko, unakuta kwamba kilichokufa ni seli zilizokuwa zikikuzwa katika kibao cha plastiki, na kwamba hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepewa dawa hiyo, wala panya. Mimi ni mfamasia mstaafu, na sehemu kubwa ya umri wangu nimeimaliza nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Mombasa, kwa hiyo najua vichwa vya habari vya namna hiyo huishia wapi. Sina ugomvi na utafiti wenyewe. Kwa maoni yangu umefanywa kidogo mno kulinganishwa na utajiri wa misitu yetu. Ninalolalamikia ni jinsi matokeo ya maabara yanavyovushwa haraka hadi kando ya kitanda cha mgonjwa, huku hatua zote zilizo katikati zikirukwa.

Ni vyema msomaji ajue jaribio lenyewe linavyofanywa, kwa kuwa halina siri yoyote. Mtafiti huchukua majani, magome au mizizi, akaikausha kivulini, akaisaga, kisha akauloweka unga wake kwa siku kadhaa katika methanoli, ambayo ni aina ya alkoholi, au kimiminika kingine cha aina hiyo. Baadaye huchuja, akakivukiza kile kimiminika, na kinachosalia chini ya chupa, ambacho aghalabu ni ute mzito wa kijani kibichi au kahawia unaonata, ndicho kiitwacho dondoo. Seli za saratani nazo hukuzwa ndani ya vishimo vidogo vya kibao cha plastiki, kwa kawaida vishimo 96, katika kabati lenye joto la nyuzi 37 na hewa iliyochanganywa na asilimia 5 ya kaboni dayoksaidi. Dondoo hutiwa katika vishimo hivyo kwa viwango vinavyopungua hatua kwa hatua. Zikipita siku mbili au tatu, hutiwa rangi ya manjano ijulikanayo kwa herufi MTT, ambayo seli iliyo hai huigeuza kuwa fuwele za zambarau na seli iliyokufa haina nguvu ya kuigeuza. Ukikiinua kibao hicho kwenye mwanga utaona safu ikianza na manjano iliyopauka upande wa dozi kubwa na kukolea kidogo kidogo hadi zambarau iliyoiva upande wa dozi ndogo. Mashine huusoma ukolevu wa rangi, na kutokana nao hukokotolewa kiwango cha dondoo kinachoangamiza nusu ya seli. Kadiri kiwango hicho kinavyokuwa kidogo ndivyo dondoo linavyohesabiwa kuwa kali, na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliweka mpaka wa takriban mikrogramu 20 hadi 30 kwa mililita kwa dondoo ghafi, kwamba likihitajika zaidi ya hapo halifai kuhangaikiwa.

Jaribio hili ni zuri. Ni rahisi, ni la haraka, na maabara ya chuo chochote chenye kabati la kukuzia seli inaweza kulifanya. Kwa sababu hizo hizo limekuwa kituo cha mwisho cha tasnifu nyingi badala ya kuwa cha kwanza: mwanafunzi hupata shahada yake, makala huchapishwa, na mti hurudi msituni bila mtu mwingine kuugusa.

Mambo ambayo jaribio hilo haliwezi kutuambia ni mengi. La kwanza na kubwa ni kama dondoo linabagua. Sumu yoyote huua seli za saratani, na swali lenye maana ni kama inaziacha salama zile nzima. Ndiyo maana mtafiti makini hupima dondoo hilo hilo dhidi ya seli zisizo za saratani, mara nyingi zile ziitwazo Vero, zilizotokana na figo ya tumbili wa Afrika na kuanza kukuzwa nchini Japani mwaka 1962, kisha akagawanya kiwango kimoja kwa kingine. Dondoo linaloua aina zote mbili kwa kiwango kimoja halijagundua lolote kuhusu saratani. Mimea yetu mingi ina saponini, kemikali zinazotoa povu na kupasua ngozi ya seli yoyote zinayoigusa. Hizo zitaigeuza safu nzima kuwa manjano na kumpa mtafiti mgeni furaha isiyo na msingi. Kuna mimea mingine, hasa yenye kemikali zinazopambana na uoksidishaji, ambayo huigeuza ile rangi kuwa zambarau yenyewe, bila ya seli kuwemo, hivyo mtafiti asiyeweka vishimo vya ulinganisho visivyo na seli atadhani seli zake ziko hai ilhali zimekufa zamani.

Halafu kuna suala la kipimo. Nimeona ripoti zikisherehekea dondoo linaloua nusu ya seli kwa mikrogramu 500 kwa mililita. Tufanye hesabu ya juu juu. Mwili wa mtu mzima una takriban lita 40 za maji. Ili kila mililita ipate mikrogramu 500, ni lazima gramu 20 za dondoo ziingie mwilini kwa pamoja, bila hata chembe kuharibiwa na asidi ya tumbo, kuvunjwavunjwa na ini au kutolewa na figo. Ikiwa kila gramu 10 za majani makavu hutoa gramu moja ya dondoo, mgonjwa atahitaji kiasi cha gramu 200 za majani makavu kwa mkupuo mmoja, na hata hapo tutakuwa tumechukulia kwamba dawa yote imefyonzwa, jambo ambalo halitokei. Kibao cha plastiki hakina ini, hakina tumbo, hakina damu inayozunguka, wala hakina uboho unaotengeneza chembe mpya za damu kila siku, na hapo kwenye uboho ndipo dawa nyingi za saratani hufanyia madhara yake.

La tatu hutajwa mara chache, ingawa kwangu mimi mfamasia ndilo la kushangaza kuliko yote. Kinachopimwa maabara mara nyingi sicho anachokunywa mgonjwa. Mganga huchemsha mizizi kwa maji. Mtafiti huiloweka katika methanoli. Kemikali zinazotoka katika methanoli na zile zinazotoka katika maji ya moto zaweza kutofautiana kabisa, kiasi kwamba dondoo likafaulu maabara ilhali dawa ya chungu haina kitu, au kinyume chake. Wachina walilipata somo hili walipokuwa wakitafuta dawa ya malaria. Bi Tu Youyou na wenzake waliuchemsha mmea wa pakanga wakapata matokeo yasiyotabirika. Ni baada ya yeye kurejea maandishi ya kale ya tiba, ambayo yalielekeza mmea ulowekwe katika maji na kukamuliwa bila ya kutajwa moto, ndipo mwaka 1971 walipotumia etha yenye kuchemka kwa joto dogo na dawa ikajitokeza. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Namna ya kuandaa dawa, kwa hiyo, ni sehemu ya ujuzi wa mganga, na mtafiti anayeuchukua mti akakiacha chungu ameuchukua ujuzi huo nusu.

Naomba sasa nizungumzie stafeli, kwa kuwa ndilo lililonisukuma kuandika. Hakuna mtu wa Pwani mwenye simu ambaye hajaletewa ujumbe usemao kwamba majani ya mstafeli yana nguvu mara 10,000 kuliko tibakemikali na kwamba kampuni kubwa za dawa zimeificha habari hiyo. Ujumbe huo una chanzo, na chanzo chenyewe hakikufichwa na mtu. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana nchini Marekani, walichapisha makala kuhusu kemikali walizozitoa katika mbegu za stafeli. Mojawapo ya kemikali hizo ilionekana kuwa kali mara 10,000 kuliko dawa ya saratani iitwayo Adriamycin dhidi ya aina moja ya seli za saratani ya utumbo mpana, katika vibao vya maabara. Basi. Zilikuwa mbegu, si majani wala nyama ya tunda. Ilikuwa kemikali moja iliyosafishwa, si maji yaliyochemshiwa majani. Ilikuwa aina moja ya seli, si mtu. Kwa kadiri taarifa ilivyosafiri kutoka simu hadi simu, kila kimojawapo cha vizuizi hivyo kilidondoka njiani, na kilichotufikia ni ile tarakimu tu.

Kuna sehemu nyingine ya habari ya stafeli ambayo haijapata kusafiri hata kidogo. Katika kisiwa cha Guadeloupe, huko Karibea, ambako matunda ya jamii hiyo huliwa sana na majani yake hunywewa kama chai, madaktari waliripoti mwaka 1999 idadi isiyo ya kawaida ya wagonjwa wenye aina ya ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa isiyoitikia dawa zilizozoeleka. Baadaye kemikali ya anonasini, ambayo ni ya ukoo ule ule wa kemikali zilizosifiwa maabara, ilipotiwa katika miili ya panya ilionekana kuharibu seli za ubongo. Kwamba ndiyo iliyowaletea ugonjwa watu wa Guadeloupe ni jambo ambalo halijathibitishwa, na mtu anayekula kipande cha stafeli baada ya chakula hana haja ya kuingiwa na hofu. Hata hivyo, kumnywesha mgonjwa dhaifu jagi la majani ya mstafeli asubuhi na jioni kwa miezi ni jambo jingine, na kemikali yenye ukali wa kuua seli moja haiahidi kuzihurumia nyingine.

Wakati nikiwa bado kazini, mama mmoja alifika dukani akiwa na ujumbe huo kwenye simu yake na mfuko wa majani mabichi mkononi. "Daktari," aliniuliza, kwa kuwa huku kwetu kila aliye nyuma ya kaunta huitwa daktari, "haya nichemshe mangapi kwa siku?" Nilimwuliza kama ameonwa hospitali. Akasema alikwisha kupewa tarehe ya kukatwa kinyama cha kupimwa kutoka kwenye titi, lakini jirani kamwambia kwamba kisu hutawanya ugonjwa, basi yeye ameona bora ajaribu ya asili kwanza. Nilimsihi aende tarehe yake isimpite. Hakwenda. Aliporudi tena alikuwa amekuja kununua bandeji za kufungia kidonda. Simlaumu yeye wala jirani yake. Walikuwa wamesoma jambo lililoandikwa, tena limetaja chuo kikuu, na katika jamii yetu jambo lililoandikwa na kutaja chuo kikuu lina uzito.

Magazeti yanajua uzito huo. Mwaka 2011 maelfu ya watu, wakiwemo Wakenya wengi, walivuka mpaka kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kupata kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za huko. Kikombe hicho kilichemshwa kutokana na mti wa mugariga na kilisemekana kutibu maradhi sugu, saratani ikiwa mojawapo. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi, na wapo waliotolewa wodini kupelekwa huko na wakafia njiani. Wakati ule kurasa za mbele zilijaa picha za foleni kila uchao. Maswali ya nani amepima nini, kwa nani na kwa muda gani, yaliachiwa kurasa za ndani, na mengine hayakuulizwa kabisa.

Wasomaji wasinielewe kwamba nawakejeli wanaoamini miti. Baadhi ya dawa tunazowadunga wagonjwa wa saratani leo zimetoka kwenye mimea, na mmoja umeota katika nyua zetu. Namaanisha ule mmea mfupi wa vinka wenye maua ya waridi au meupe ya petali tano, ambao asili yake ni Madagaska na ambao watu huupanda kandokando ya baraza. Huko Jamaika watu waliunywa kama chai ya kisukari, na mwaka 1952 majani yake yalitumwa Kanada yakamfikia Dakta Robert Noble. Alipowapa panya dondoo lake, sukari haikushuka. Ila panya walikufa kwa maambukizi kwa sababu chembe nyeupe za damu yao zilikuwa zimepungua mno. Noble na mwenzake Charles Beer waliona kwamba kitu kinachoangamiza chembe nyeupe kingeweza kumfaa mgonjwa ambaye chembe hizo zimemzidi. Kutokana na mmea huo zilipatikana vinblastini na vinkristini, na ya pili imo hadi leo katika tiba ya watoto wenye saratani ya damu na wenye uvimbe wa taya uliofafanuliwa na daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1958, ugonjwa unaowaandama watoto wa Uganda, wa magharibi mwa Kenya na wa maeneo mengine ya malaria kali. Angalia kwamba mapokeo yalisema kisukari, na jibu likawa saratani. Mapokeo yaliwaonyesha watafiti mahali pa kuchimba, kisha panya, vipimo vya damu na majaribio kwa wagonjwa vikafanya yaliyosalia.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi, na naona aibu kwamba watoto wa shule wa Kaunti ya Kwale hawafundishwi. Mwaka 1972 mkemia Morris Kupchan na wenzake nchini Marekani walitangaza kwamba wametoa katika mti wa Ethiopia wa jamii ya Maytenus kemikali waliyoiita maytansini, yenye ukali wa kutisha dhidi ya seli za saratani. Ikaonekana kwamba mti mwingine wa jamii hiyo, Maytenus buchananii, unayo kwa wingi zaidi, na mti huo unaota Shimba Hills. Katika miaka hiyo ya 1970 zaidi ya tani 27 za mti huo zilikusanywa katika msitu wa Shimba Hills kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Imeandikwa kwamba karibu miti yote iliyokomaa mahali pale ilivunwa, na miaka michache baadaye waliorudi kuangalia hawakukuta machipukizi ya kutosha. Kisha dawa ilipofikishwa kwa wagonjwa ikashindwa. Wagonjwa walitapika na kuharisha, neva za mikono na miguu zikaumia, na uvimbe haukupungua kwa kiasi cha kustahimilisha mateso hayo. Majaribio yakasitishwa.

Hapo ndipo ningetaka waandishi wetu wakae kidogo, kwa sababu ingekuwa leo, kichwa cha habari cha mwaka 1972 kingesema kwamba tiba ya saratani imepatikana Kwale. Ukweli ulichukua miongo minne. Wanasayansi waliirudia kemikali ile baadaye, wakaibadilisha kidogo, wakaifunga kwenye kingamwili inayozitambua seli za aina fulani ya saratani ya matiti na kuingia ndani yake, ili sumu ifunguliwe humo badala ya kumwagwa mwilini kote. Dawa hiyo, trastuzumabu emtansini, iliidhinishwa Marekani mwezi Februari mwaka 2013. Sumu yake haitoki tena mtini. Hutengenezwa kutokana na zao la bakteria, kwa hiyo Shimba Hills haihitaji kukatwa tena. Hivyo basi kile kibao cha maabara kilisema kweli, kwa maana kwamba kemikali iliua seli, na bado dawa ya kwanza iliyotokana nacho haikuwafaa wagonjwa. Sijui mfano mwingine unaoonyesha mambo yote mawili kwa wazi namna hii.

Nikiwa kwenye suala la kukata miti, naomba niseme kwamba kila habari ya mti unaotibu saratani ni amri ya panga. Mti uitwao muiri kule Mlima Kenya, Prunus africana, ulichunwa magome kwa ajili ya dawa ya wazee wenye tezi dume iliyovimba, hadi mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa ikawekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini walio hatarini. Uvimbe wa kawaida wa tezi dume, niongeze, si saratani ya tezi dume, ingawa wauza dawa wa mitaani hupenda kuyachanganya maradhi hayo mawili na wakati mwingine nasi tunaowajibika kusahihisha hunyamaza.

Wapo watakaonijibu kwamba nadai viwango vya Ulaya na Marekani ambavyo nchi maskini hazivimudu. Sikubali. Kulipima dondoo kwa seli nzima sambamba na seli za saratani hakuhitaji mashine mpya; ni kibao kile kile na rangi ile ile. Kuhifadhi sampuli ya mti katika hifadhi ya mimea ya Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, ili mtafiti wa kesho ajue kwa hakika ni mti gani uliopimwa, kunagharimu karatasi na muda, na ni muhimu kwa kuwa jina moja la mtaani laweza kubeba mti huu Kwale na mti mwingine Lamu. Kupima dawa ya maji kama mganga anavyoiandaa, kando ya ile ya methanoli, ni kazi ya asubuhi moja ya ziada. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ina kituo kizima cha utafiti wa dawa za asili, na Tanzania ina taasisi yake ya tiba asilia pale Muhimbili. Wataalamu hatuna uhaba nao. Ni hatua za baadaye, za kutenganisha kemikali, za wanyama na hatimaye za binadamu, ndizo zinazohitaji fedha nyingi, na hapo ndipo serikali zetu zilipaswa kuchagua miti michache iliyofaulu vizuri na kuigharamia kikamilifu badala ya kuacha kila chuo kianze upya na mti wake. Wamarekani wenyewe, kati ya 1960 na 1981, walipima zaidi ya dondoo 100,000 za mimea, na dawa zilizofika kwa wagonjwa kutokana na msako huo wote ni za kuhesabu kwa vidole. Maarufu zaidi ni paklitakseli, iliyotoka kwenye magome ya mti uliokusanywa mwaka 1962 na ikaidhinishwa mwaka 1992.

Waganga nao wana haki zao katika mnyororo huu. Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, na Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kufanya kazi mwaka 2014, inataka nchi na jamii zinazotoa mimea na maarifa zipate sehemu ya faida. Nimekutana na wazee wa kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, waliowaonyesha watafiti miti yao na hawakuletewa hata nakala ya ripoti, achilia mbali kuambiwa kama mti ulifaulu au ulishindwa. Mzee anayeambiwa kwamba mti wake umeonekana kuharibu figo za panya ana nafasi ya kuacha kuwapa watu; asiyeambiwa ataendelea.

Kwa madaktari na wauguzi nina ombi moja tu: wawaulize wagonjwa wanakunywa nini nyumbani, na wawaulize kwa upole. Mgonjwa aliyekemewa mara moja mbele ya wenzake kwa sababu ya chupa ya dawa ya mitishamba hataitaja tena, na daktari atashangaa kwa nini ini la mgonjwa linalegea katikati ya tibakemikali, ilhali jibu limo ndani ya jagi chini ya kitanda.

Kwako wewe Mhariri, ningependekeza kwamba mwandishi wako akiletewa taarifa ya mti mpya unaoua saratani amwulize mtafiti maswali machache kabla ya kuandika: ni sehemu gani ya mti, ilitolewa kwa kimiminika gani, ni kiwango gani kilichoua nusu ya seli, seli nzima zilifanywaje na dondoo hilo hilo, na je, kuna mnyama au mtu yeyote aliyekwisha kupewa. Majibu hayo yaandikwe katika aya ya kwanza na ya pili, si ya mwisho, na jina la mti katika kichwa cha habari lisubiri hadi kuwe na mgonjwa aliyenufaika.

Aidha, ningefurahi kuona gazeti lako likichapisha habari za miti iliyopimwa ikashindwa. Zipo nyingi kuliko zile za ushindi, zimelala katika maktaba za vyuo vikuu, na hakuna anayezitafuta kwa sababu hazina mvuto. Mtu wa Msambweni au wa Malindi anayetaka kununua unga wa mti fulani kwa shilingi elfu kadhaa angependa sana kujua kwamba mti huo ulikwisha kupimwa, kwa njia sahihi, na haukufanya lolote.

Wako mtiifu,
Mfamasia mstaafu,
Mombasa